Nyasi za nyumba mpya

Baba Junior: Shikamooni wakubwa. Tumeshahamia, Mungu ni mwema. Vuli imeanza huku Arusha, Jumamosi namwaga mbegu za ukoka hapo mbele. Nina kilo moja, eneo ni mita 12 kwa 8. Picha hiyo 👇🏾

Mama Mdogo: Hongera sana baba! 🙏🏾

Shangazi: Marahaba mwanangu. Usimwage kwanza. Angalia karibu na ngazi, yale majani membamba yanayong'aa. Shika shina lake, ni la pembe tatu?

Baba Junior: Ndiyo shangazi.

Shangazi: Ndago hiyo.

Baba Junior: Kijana atapalilia kesho.

Shangazi: Akipalilia juu juu, vile viazi vyake vinabaki chini na vinachipua tena. Ukoka ukishaota huwezi kufukua bila kuuharibu. Lima sasa, okota viazi kwa mkono, mwagilia, subiri wiki mbili tatu. Zitakazoibuka chimba uzitoe na viazi vyake. Rudia tena. Mvua ikikupita si neno, bomba unalo.

Mama Mdogo: Si achomeke tu vipandikizi? Kwangu vilishika haraka.

Shangazi: Vinashika, ila vikichimbwa penye ndago unaihamishia kwako pamoja na udongo. Kwa kiwanja hicho bora mbegu.

Baba Mkubwa: Na pale mafundi walipokorogea zege, toa saruji iliyoganda na kokoto zote, ujaze udongo mzuri. Mteremko uelekee getini, sentimita 2 kila mita, maji yasirudi kwenye msingi.

Baba Junior: Sawa baba. Jirani ananipa samadi, ila bado mbichi.

Shangazi: Mbichi inakuja na mbegu za magugu. Tafuta iliyooza mpaka haina harufu.

Baba Junior: Na kumwaga kwenyewe?

Shangazi: Mbegu za ukoka ni ndogo kama za mchicha. Changanya na mchanga mkavu, nusu mwaga ukienda kwa urefu, nusu kwa upana. Kilo yako inatosha. Pitisha reki kidogo tu, zisizame zaidi ya nusu sentimita, halafu gandamiza kwa ubao. Maji ya kunyunyiza, asubuhi, mchana na jioni, juu pasikauke. Joto likiwepo, zinaota kati ya wiki moja na tatu.

Bibi: Na kuku wafungiwe.

Baba Junior: Nimekuelewa bibi. Jumamosi ni jembe basi. Nani ana reki?

Baba Mkubwa: Ipo kwangu, pitia Ijumaa jioni.