NGC au PCGS kwa dhahabu ya Tabora 1916? Nahitaji ushauri kabla ya Ijumaa

Mjukuu_wa_Reli (mwanzisha mada)
Wakuu, habari za leo. Nakusanya sarafu za Afrika Mashariki, mwaka wa sita huu, nyingi ni heller na rupia za enzi za Mjerumani. Sasa nimefika kwenye ile niliyoitamani tangu mwanzo: rupia 15 za dhahabu, Tabora 1916, yenye tembo. Kuna mbili mezani kwa muuzaji mmoja aliyeko Ujerumani. Moja iko kwenye kasha la NGC, nyingine la PCGS, zile kampuni za Marekani zinazopima sarafu, kuzipa gredi na kuzifunga kwenye plastiki, na hiyo ya PCGS bei iko juu kidogo. Ananisubiri hadi Ijumaa. Gredi ya kampuni ipi inaaminika zaidi? Nawasilisha.

PesaMbili
Mkuu, hapo hujatupa kitu. Gredi ngapi? AU, yaani iliyotumika kidogo sana, 55 au 58? Au MS, isiyotumika kabisa? Bei? Picha? Namba za vyeti? Na unanunua ukae nayo au uuze baadaye? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

KijanaWaMuscat
PCGS bila kufikiri mara mbili. Walianza 1986, NGC wakafuata 1987, na kwenye minada PCGS hushika bei. Tena tafuta yenye stika ya kijani ya CAC, wale wanaokagua upya gredi za kampuni hizo, hapo unalala usingizi.

Heller20
Kijana, CAC huweka stika kwenye sarafu za Marekani. Kwa Tabora hutaipata, usimpoteze mwenzio. Na hiyo habari ya kushika bei ni ya soko la Marekani. Kwa sarafu za nchi nyingine NGC wamepitisha vipande vingi sana, na wana ofisi Munich, karibu na wakusanyaji wa sarafu za makoloni ya Kijerumani. Mimi nanunua NGC.

MzeeWaUkami
Vijana, nilianza kukusanya sarafu hizi kabla makasha hayo hayajaonekana huku. Nina mizani ya sonara na lenzi ya mara kumi. Dhahabu ya Tabora ni gramu 7.17 hivi, na dhahabu halisi ndani yake ni asilimia 75. Uzito ukikataa, weka chini uondoke. Kwa nini nimlipe mtu wa California aniambie ninachokiona kwa macho yangu?

PesaMbili
Shikamoo mzee. Mizani itakamata feki ya shaba iliyopakwa rangi. Haitakamata feki iliyopigwa kwa dhahabu ya asilimia 75 ileile. Hapo ndipo wale watu wanapostahili ada yao: wanalipwa kwanza kusema ni halisi, namba inafuata. Mimi kwenye uhalisia nawaamini wote wawili. Kwenye namba siwaamini kihivyo. Kuna watu wanavunja kasha la AU 58 na kuirudisha sarafu ileile mara tatu, mara nne, mpaka itoke MS 61. Sarafu haijabadilika hata chembe, ila siku ile macho yaliyoitazama ni mengine.

MzeeWaUkami
Marahaba. Hapo umesema kweli, lakini umenisaidia mimi zaidi kuliko wewe.

BintiMkunazini
Asalaam aleykum. Naomba niwaeleze yaliyonikuta, maana naona mnabishana juu ya majina ya kampuni.

Bibi yangu aliacha riyal moja ya Sayyid Barghash, ile ya fedha ya 1299 Hijria, yaani 1882. Ilikaa imeviringishwa kwenye kitambaa, ndani ya sanduku lake, miaka yote ninayoikumbuka. Ilikuwa nyeusi, na pembezoni ina rangi ya samawati kidogo ukiielekeza dirishani. Nilipotaka kujua thamani yake nikampelekea mfanyabiashara mmoja wa vitu vya kale, jina lake litabaki kwangu. Akaniambia yeye hutuma sarafu ng'ambo kupata gredi, na hii itatoka MS, bei itapanda mara tatu. Nikampa sarafu, nikampa ada, nikampa na pesa ya kusafirisha.

Miezi saba. Mara iko forodhani, mara simu haipokelewi. Iliporudi ilikuwa ndani ya plastiki safi, na lebo haina namba. Imeandikwa tu kwamba ni halisi na imesafishwa. Nililia. Niliona nimeonewa na watu wasionijua. Kisha nikaitafuta picha niliyoipiga kwa simu asubuhi ile ya kumkabidhi. Kwenye picha ni nyeusi. Mkononi mwangu ilikuwa nyeupe kama kijiko kipya.

Yule bwana aliisugua kwa ndimu na majivu kabla ya kuituma. Nilipombana akasema, "Dada, fedha chafu nani ataitaka?" Weusi ule ulikaa zaidi ya miaka mia. Hakuna anayeweza kuurudisha, na nikiitazama sioni tena kitu cha bibi yangu.

Kwa hiyo ukiniuliza kama wapimaji wanaaminika, kwa kuitambua sarafu iliyosuguliwa nawaamini. Mimi sikujua kutofautisha. Wao walijua.

KijanaWaMuscat
Pole sana dada. Hilo limeniuma.

Mjukuu_wa_Reli
Pole sana da'angu. Wakuu, samahani nilibanwa na kazi. NGC ni AU 58, PCGS ni MS 61. Picha anazo muuzaji, ameniomba nisizirushe. Nanunua nikae nayo, marehemu babu yangu alifanya kazi reli ya kati.

PesaMbili
Anaomba usirushe picha za sarafu anayoiuza? Hapo mimi ningesimama kwanza. Ingiza namba ya cheti kwenye tovuti ya kampuni yenyewe. Mara nyingi picha ya sarafu ipo humo. Linganisha alama moja moja: kovu liko wapi, doa liko wapi. Tangu 2008 makasha bandia ya PCGS yamekuwa yakionekana mtandaoni, na wanaoyatengeneza huiba namba za kweli. Kwa hiyo namba kukubali tu haitoshi, lazima iwe sarafu ileile.

Heller20
Mkuu Mjukuu, kabla ya kulipia tofauti kati ya 58 na 61, sikiliza hili. Ngazi hii ya 1 hadi 70 aliianzisha William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za Marekani. Tabora ni kitu kingine kabisa. Rupia za kabla ya vita zilitoka viwanda vya Berlin na Hamburg. Hizi za 1916 zilitoka karakana ya reli, vita vikiwa vinaendelea, na tarehe 19 Septemba mwaka huohuo Wabelgiji na askari wao wa Kongo wakaingia mjini. Dhahabu zote ni 16,198 tu. Mhuri haukubana sawasawa kila kipande. Kwa hiyo kuna sehemu zinazoonekana zimelika kumbe hazikupigwa vizuri tangu siku ya kwanza. Mpimaji anayepitisha dola za Morgan, zile za fedha za Marekani, kutwa nzima, kisha akakutana na tembo mmoja, anaweza kumpa 58 aliyestahili zaidi. Nimeshika AU 58 zenye mng'ao wa awali uliojaa, na MS 61 zenye mikwaruzo kama imepanguswa na shati.

Na ni aina gani? Tazama upande wa tai: pambo la kulia linaishia chini ya T ya OSTAFRIKA, au chini ya A ya kwanza? Ya T ni 9,803, ya A ni 6,395. Hilo lina uzito kwenye bei kuliko hizo namba tatu.

Mjukuu_wa_Reli
Sikuwa najua kuna aina mbili. Ngoja niangalie... Ya NGC naona ni A. Ya PCGS picha imekatwa pale pale.

PesaMbili
Imekatwa pale pale. Mwombe video, aigeuze chini ya taa moja, zote mbili. Akikataa unajua la kufanya.

MzeeWaUkami
Na mwulize uzito wa hiyo isiyoonekana.

KijanaWaMuscat
Mzee, iko ndani ya kasha, atapimaje? Hata hivyo bado nasema MS 61 ya PCGS, siku akitaka kuuza atanishukuru. Halafu yule tembo nyuma yake ni Kilimanjaro kweli? Tabora na Moshi wapi na wapi.

BintiMkunazini
Amesema hauzi, ni kwa ajili ya babu yake.

Heller20
Vitabu vya sarafu vinauita Kilimanjaro, ila mimi nikiutazama sioni kile kilele bapa cha Kibo. Mwenye picha nzuri ya upande ule aiweke tuitazame pamoja. Na kama kuna mtu ana heller 20 za shaba nyekundu, si zile za njano, naomba anitumie ujumbe.

Mjukuu_wa_Reli
Nimemwandikia kuhusu video. Amesoma, hajajibu bado.

MzeeWaUkami
Heller20, ninazo mbili za shaba nyekundu. Moja ina tundu, walikuwa wanavalisha watoto shingoni. Ya tundu siuzi.