Begi, hema au mfuko wa kulalia: nianze kubadilisha kipi ili nipunguze uzito?

Mpandaji_Mpya
Wakuu, habari zenu. Naomba mnilinganishie. Najiandaa kwa safari ya miguu ya wiki kadhaa mfululizo, na chakula nitaongeza njiani kila baada ya siku nne au tano. Nimepima vitu kimoja kimoja: begi la mgongoni kilo 2.3, hema la watu wawili kilo 2.6, mfuko wa kulalia wa sintetiki kilo 1.8, godoro la kujaza upepo nusu kilo. Makorokoro mengine yote kilo 4.3. Jumla 11.5, hapo bado chakula, maji na gesi. Fimbo za kutembelea ninazo, sijazihesabu kwa kuwa zinakaa mkononi.

Hela iliyopo inatosha kubadilisha kimoja tu kati ya vile vitatu vya mwanzo. Kipi? Mwenzangu wa safari anasema kilo hizo si kitu, ila si mnajua, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

NyayoNdefu
Mkuu, begi liwe la mwisho. Najua linavutia: yasiyo na fremu (kiunzi kigumu cha mgongoni) yana gramu 500 hadi 600, kwa hiyo kwenye karatasi unaokoa kilo 1.7 kwa mpigo. Sasa piga hesabu ya mzigo mzima. Chakula cha siku tano, kwa gramu 700 kila siku, ni kilo 3.5. Maji lita mbili, kilo mbili. Hata ukishabadilisha begi bado unatoka na kilo 15 na ushee.

Kazi ya fremu ni kuushusha uzito kutoka mabegani hadi kwenye mkanda wa kiunoni. Begi lisilo nayo likipita kilo 9 au 10 linajikunja katikati, mkanda unabaki pambo, mabega ndiyo yanayolipa. Punguza vilivyomo kwanza, ndipo utajua unahitaji begi gani. Mimi ningeanza na hema. La mtu mmoja linalosimamishwa kwa hizo fimbo zako lina gramu 900 hivi, sakafu na chandarua humo humo. Umeokoa kilo 1.7 ileile.

Kobe_Taratibu
Kwenye begi niko nawe, kwenye hema napinga: aanze na mfuko wa kulalia. Manyoya ya bata kwa joto lilelile ni mepesi kuliko sintetiki, na yanabanika vizuri zaidi. Tena si lazima uwe mfuko. Kuna blanketi la manyoya lililo wazi mgongoni, unalifunga kwenye godoro kwa kamba. Manyoya unayoyalalia yanagandamizwa, hewa inatoka, na pasipo hewa hakuna joto. Joto la chini linatoka kwenye godoro, kwa hiyo upande ule wote ni uzito wa bure. Unashuka hadi gramu 700 hivi.

Ukiamua kubaki kwenye mfuko, kiwango cha kimataifa cha kupimia mifuko hiyo, ISO 23537, kina nyuzijoto ya starehe (unalala bila kuhisi baridi) na ya ukomo (unavumilia tu kwa kujikunja). Matangazo hupenda kuikuza ile ya ukomo. Wewe soma ya starehe.

BiMlima
Kobe, manyoya yakilowa yananyong'onyea, usilifiche hilo. Penye mvua za mfululizo sintetiki ina heshima yake. Anayechagua manyoya aweke mfuko mkubwa imara wa plastiki ndani ya begi, vitu vyote viingie humo na mdomo ausokote. Ni mwepesi kuliko kile kifuniko cha nje, ambacho maji hupenya upande wa mgongo.

Na hema la fimbo lina vituko vyake. Halijisimamii: bila vigingi hakuna hema, na kwenye mwamba utakuwa unasaka mawe ya kufungia kamba. Yale ya tabaka moja tu la kitambaa hutoa jasho ndani. Usiku wa baridi usio na upepo, pumzi yako inageuka matone kwenye kitambaa, ukijigeuza miguu inayapangusa yote. Lingine ni kitambaa chenyewe. Naironi hulegea ikilowa: umelikaza vizuri jioni, mvua inanyesha saa moja tu, unakuta paa limebonyea karibu na pua na inabidi utoe mkono nje ukaze kamba gizani. Poliesta hailegei hivyo. Dyneema, kitambaa cha nyuzi za plastiki imara sana, hailegei wala hainywi maji, na ni nyepesi kuliko zote, ila bei yake inakukalisha chini na haipendi kusuguliwa wala vitu vyenye ncha. Kwa hela ya kitu kimoja, chukua poliesta.

Mpunguza_Gramu
Mnamkimbiza dukani mapema mno. Kilo 4.3 za makorokoro! Hebu yamwage chini utuandikie.

Mpandaji_Mpya
Suruali tatu, moja jinzi. Mashati manne. Sufuria mbili na kikaango. Visu viwili. Tochi ya mkononi na ya kichwani. Pawabenki ya mAh 20,000. Chupa mbili za chuma, taulo la kuogea, kitabu, na vidudu vingine.

Mpunguza_Gramu
Jinzi itoke leo hii, ikilowa haikauki. Bakiza nguo za kutembelea, jozi moja kavu ya kulalia, soksi za ziada, koti la mvua na sweta. Sufuria moja, kisu kidogo, tochi ya kichwani. Pawabenki ya 10,000 ina gramu 200 hivi, nusu ya hiyo yako. Chupa za chuma mpe mtu, beba zile za plastiki za maji ya dukani.

Maji yenyewe usiyabebe kwa woga. Jua chanzo kinachofuata kiko wapi, kunywa hapo hapo hadi utosheke, ondoka na ya kukufikisha. Kwenye chakula, mafuta yana kalori 9 kwa gramu, wanga na protini 4, basi njugu ziwe nyingi.

Mwaka 1955 Emma Gatewood, bibi wa miaka 67, aliitembea Appalachian Trail yote kule Marekani, zaidi ya kilomita 3,200, na raba, mfuko aliojishonea, na pazia la bafuni la kujikinga mvua. Hema hakuwa nalo.

Kobe_Taratibu
Na mara kadhaa alilala nyumbani kwa watu waliompokea njiani. Maliza hadithi, mkuu.

Mpandaji_Mpya
Nimerudi. Makorokoro yameshuka hadi kilo 3, sijatumia hata senti. Nikichukua hema la poliesta nitafika 8.5. Blanketi la Kobe litasubiri. Likija, godoro langu litafaa? Limeandikwa R 2, kile kipimo cha kuzuia ubaridi wa ardhi.

NyayoNdefu
R 2 ni ya majira ya joto. Ardhi ikiwa baridi, blanketi liwe nene vipi ubaridi utakufuata kutoka chini. Ongeza kipande cha sponji chini ya godoro, kwa sababu namba za R hujumlishwa: 2 juu ya 2 ni 4. Kikate kiishie makalioni, miguu uiwekee begi tupu, na mchana unakikalia ukipumzika. Begi la fremu lishike hapo lilipo, maana 8.5 yako ikishapata chakula na maji inakuwa 14.