Malobisti wa majimboni Marekani: daftari linasaidia au ni danganya toto?

Mtoa mada: Wakuu salama? Juzi kijiweni tulibishana kuhusu malobisti wa Marekani, yani wale wanaolipwa na makampuni kushinda kwenye korido za bunge la jimbo wakipigia debe miswada. Mi naona kuwaandikisha kwenye daftari la serikali ni kuwapa kibali tu. Massachusetts walianza 1890, Wisconsin 1899, leo majimbo yote 50 yana daftari na biashara inaendelea kama kawa. Si bora Georgia, katiba yao ya 1877 ilisema lobi ni jinai, kwisha habari.

Kinyozi wa Sinza: Kwisha wapi mkuu? Hata California katiba ya 1879 iliita jinai, na kule ndo akaibuka jibaba Artie Samish, mtu wa wenye viwanda vya bia, mpaka gavana Earl Warren akakiri kwamba kwenye mambo ya wateja wake Artie ana nguvu kumzidi yeye. 1949 si akapigwa picha ya jarida la Collier's kapakata mdoli wa kuchezeshwa mdomo, kavalishwa kimaskini, eti bunge ndo hilo anaongea nalo 😂. Katiba imelala kabatini miaka 70. Ile aibu ndo ikawafanya wabunge wapitishe sheria ya kujiandikisha.

Mtoa mada: Sawa, ila Artie aliangushwa na nini? 1953 alipatikana na hatia ya kukwepa kodi. Daftari halikumgusa, umenisaidia mwenyewe.

Mama Nasra: Kaka zangu mnaparurana bure, shida ni msosi. Mi nimewahi kukaa mapokezi ofisi moja ya umma, mkandarasi anaandika kwenye kitabu cha wageni jina, saa ya kuingia, shughuli "kusalimia", halafu dereva wake anapitia mlango wa nyuma na gunia la mchele na ndoo ya asali. Kitabu chetu kilikuwa safiii. California wananchi wenyewe walipiga kura 1974, lobisti asimpe mbunge zawadi ya zaidi ya dola 10 kwa mwezi, ndo ule msemo wa Jerry Brown, mwanasiasa wa huko aliyeipigia debe, kwamba hela hiyo inatosha baga mbili na koka tu. Wisconsin wao hata kikombe cha kahawa marufuku.

Kinyozi wa Sinza: Hapo dada umegusa penyewe. Sisi si tulikuwa na takrima, sheria ya uchaguzi ya 2000 ikasema ukarimu wa asili ruksa, pilau ikaliwa mpaka Mahakama Kuu ilipoifuta 2006. Ila bila daftari hiyo dola 10 utamhesabia nani, kama hujui nani ni lobisti na nani ni shemeji kaja kusalimia?

Mtoa mada: Kwenye shemeji nakubali. Ila Mama Nasra, ile asali iliishia wapi?

Mama Nasra: Nilipewa kikopo 🙈