Presha imeporomoka baada ya ganzi ya mgongo na seftriaksoni: ni ganzi au ni mzio?

Kato_HC4
Wakuu, salaam. Kwenye vituo vya afya vya ngazi ya nne hapa Uganda akina mama wengi wanajifungua kwa upasuaji chini ya ganzi ya mgongo, na seftriaksoni, antibiotiki ya kuzuia maambukizi, hupigwa dakika hizo hizo. Namba ya juu ya presha ikishuka hadi 60, mtu atajuaje kama ni ganzi au mzio? Na adrenalini iliyopo, dawa ya mzio mkali, ni ampuli ya miligramu 1 kwenye mililita 1. Mnaichanganyaje?

Usingizi_Mbale
Ndugu Kato, tazama saa kwanza. Ganzi hushusha presha zaidi katika dakika 10 za mwanzo, na mara nyingi presha hiyo hukubali efedrini (dawa ya kupandisha presha) na maji. Ganzi ikipanda mno, mama ananong'ona, mikono inalegea, mapigo yanapungua. Mzio hufuata dawa iliyoingia mshipani muda mfupi kabla: viganja vinawasha, midomo inavimba, kifua kinapiga filimbi, mapigo kwa kawaida yanakimbia.

Upele usiungoje! Mwili umefunikwa mashuka, na presha ikiwa chini sana damu haifiki kwenye ngozi. Mara nyingine upele hujitokeza baada ya adrenalini kurudisha presha. Kwa maoni yangu, efedrini ikishindwa mara mbili na hakuna damu inayomwagika, tibu kama mzio.

Vuta ampuli moja ya adrenalini na mililita 9 za salaini kwenye bomba la mililita 10, ubandike lebo. Kila mililita sasa ina mikrogramu 100. Mtu mzima apewe nusu mililita mshipani, yaani mikrogramu 50, kisha rudia kila dakika ukifuata presha. Kosa linaloua ni kusukuma ampuli nzima mshipani: miligramu 1 ni dozi ya moyo uliosimama. Kama huna monita, au hujazoea kuipiga mshipani, piga kwenye msuli wa paja, upande wa nje, nusu mililita ya ile isiyochanganywa. Rudia baada ya dakika 5.

Papo hapo: simamisha dawa unayoishuku, oksijeni kamili, miguu juu, mama aelemezwe kushoto kama mtoto hajatoka, maji lita 1 kwa kasi na nyingine nyuma yake. Namba ya juu ya presha ikishuka chini ya 50, bonyeza kifua hata kama monita bado inachora mapigo. Haidrokotisoni, steroidi, inaweza kusubiri. Promethazini, dawa ya kupunguza mzio, ikipigwa mshipani kwa haraka hushusha presha zaidi, iacheni.

Sista_Gulu
Naongezea kwa mgonjwa aliye kwenye nusukaputi. Begi la kumpumulisha likiwa gumu kubana, hakikisha kwanza mpira wa hewa haujapinda wala haujaingia njia ya chakula, ndipo useme ni mzio. Halotheni (gesi ya usingizi) na adrenalini hazipatani, moyo unaweza kupiga ovyo. Funga halotheni, endelea na ketamini, dawa ya usingizi ya sindano, ambayo pia husaidia kufungua njia za hewa.

Kato_HC4
Asante sana, sista. Na dozi 3 za adrenalini zikishindwa, pampu ya sindano hakuna?

Usingizi_Mbale
Dripu. Ampuli 5 ndani ya salaini mililita 500 zinakupa mikrogramu 10 kwa kila mililita. Kwa mtu wa kilo 60 anza na mikrogramu 6 kwa dakika: matone 12 kwa dakika kwa seti ya matone 20 kwa mililita, au 36 kwa seti ya matone 60. Tumia mshipa wake peke yake. Ukiiunganisha na maji yanayokimbia, yatasukuma dozi yote mara moja. Ndiyo maana ampuli 2 kwenye trei hazitoshi, weka 10.

Sista_Gulu
Tena, seftriaksoni ipigwe mara dripu inapowekwa, kabla ya ganzi, polepole kwa dakika 3 hivi. Mzio ukitokea, mama bado anaweza kusema anawashwa, na hamtauchanganya na athari ya ganzi. Isichanganywe na maji ya dripu ya Ringer, yana kalsiamu.

Aliyepona alazwe chini ya uangalizi saa 24, kwa kuwa dalili zinaweza kurudi. Jina la dawa liandikwe kwa wino mwekundu kwenye faili na kwenye kitabu anachokwenda nacho nyumbani, na taarifa ipelekwe NDA, mamlaka ya dawa ya Uganda.