Naomba ushauri: mgongo wa mama, tunatafuta tiba isiyo ya upasuaji

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Mama yangu ana miaka 58, ni fundi cherehani hapa Morogoro. Maumivu yanaanzia kiunoni, yanapita kwenye tako la kushoto na kushuka mpaka kisiginoni. Akikaa kidogo tu kwenye cherehani vidole vya mguu huo vinakufa ganzi, inabidi asimame ashike meza. Akitembea anapata nafuu. Kipimo cha picha cha MRI kimeonyesha diski (kile kitu laini kati ya mifupa ya uti wa mgongo) kati ya pingili za kiunoni L4 na L5 imetokeza na kugandamiza mshipa wa fahamu.

Daktari amesema upasuaji si wa haraka, maana mguu bado una nguvu na haja zote anazizuia vizuri. Hayo yakibadilika tumkimbize hospitali hapohapo. Ameandikiwa mazoezi ya fiziotherapia na vidonge vya maumivu vya diclofenac. Hizo dawa zinanitia hofu, mama ana presha, na zinaweza kuipandisha na kuumiza tumbo na figo. Nitamrudia daktari kuhusu hilo.

Aliyepona kwa mazoezi, yapi yalimsaidia na yalichukua muda gani? Aliyechomwa sindano ya steroidi (dawa ya kupunguza uvimbe) ya mgongoni, nafuu ilidumu? Majirani wanashauri tumpeleke kwa mtu wa kumkanda na kumnyoosha mgongo, lakini naogopa asije akaumizwa zaidi.

Na nyinyi mafundi cherehani, mnakalia kiti cha namna gani? Yeye anatumia stuli isiyo na egemeo, na kazi hataki kuiacha.