"Kuna hitilafu, mafundi wanashughulikia": siku tatu gizani Kigamboni, samaki wameoza, friza imeungua, na sababu hatuambiwi

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira na sitaifunika. Jana asubuhi nimechimba shimo nyuma ya nyumba nikafukia kilo 38 za vibua na changu. Nilikuwa nimewachukua soko la samaki la Feri Alhamisi alfajiri kwa pesa ya kikoba, ambayo marejesho yake ni Jumatano hii. Friza iliyokuwa imewahifadhi nayo imekufa, ipo uani, ukiikaribia unasikia harufu ya waya ulioungua.

Mambo yalianza Alhamisi hiyohiyo saa 1 na nusu usiku. Umeme ukakata upande wetu, ng'ambo ya barabara wanao. Nikapiga simu TANESCO, shirika la umeme, nikapewa namba ya taarifa, nikaambiwa: "Kuna hitilafu, mafundi wanashughulikia, ndani ya saa chache utarudi." Nikafunga friza, nikawakataza watoto kuigusa. Ijumaa asubuhi nikapiga: hitilafu, saa chache. Ijumaa jioni: hitilafu, saa chache. Jumamosi mchana dada aliyepokea alinisomea maneno yaleyale, na nilimsikia kabisa kwamba hata yeye hajui kitu zaidi ya hicho alichoandikiwa.

Sasa sikilizeni. Friza iliyojaa, ikibaki imefungwa, inashikilia baridi kama saa 48. Ikiwa nusu, ni kama saa 24. Yangu ilijaa. Mtu mmoja tu angeniambia Ijumaa saa 4 asubuhi kwamba umeme hautarudi kabla ya Jumapili, ningewatoa samaki wale, nusu ningewakaanga, nusu ningewatia chumvi na kuwaanika. Ningepata hasara ya faida, siyo ya mtaji. Lakini niliambiwa saa chache, na mimi nikaamini. Samaki wangu wameozeshwa na hilo neno "saa chache" kuliko na joto.

Na sababu ilikuwa inajulikana! Mtaani kwetu kuna mzee mmoja, fundi umeme mstaafu. Ijumaa mchana alikwenda hadi chini ya nguzo ya transfoma, akatazama juu, akaona mafuta yameshuka ubavuni mwa transfoma hadi kwenye nguzo. Akarudi akasema, "Mwanangu, hii siyo fyuzi. Hii imeungua ndani, mpaka waje wabadilishe. Hesabu siku." Mzee wa miaka sabini na kitu, kwa macho tu, alijua. Mimi nikamwamini mtu wa simu. Hilo nitalijutia muda mrefu.

Ndiyo maana neno "hitilafu" linanitia uchungu. Ukienda zahanati na homa, daktari hawezi kukuambia "una homa" akakuruhusu uondoke. Anapima aseme ni malaria, ni UTI, ni nini. Hitilafu ni homa. Nyuma yake kuna magonjwa mengi na kila moja lina muda wake. Fyuzi ya juu ya nguzo ikikatika, fundi mwenye gari na mti wake mrefu wa kufikia juu anairudisha kwa dakika chache akishafika. Tawi la mwembe likilalia waya, ni kulikata. Nguzo ikianguka, ni nusu siku au siku nzima. Transfoma ikiungua, ni mpaka nyingine ipatikane na winchi ifike. Gridi nzima, yaani mtandao wa umeme wa taifa, ikianguka, kama alfajiri ya Aprili 1, 2024, mitambo inawashwa upya mmoja mmoja na maeneo yanarudishwa kwa awamu, hivyo unajua kwamba zamu yako itafika na siyo wewe peke yako. Mtu akiijua sababu anajua apike nini, auze nini, ahamishe nini. Asipoijua anakaa gizani akisubiri.

Zamani angalau tulikuwa tunaambiwa. Mwaka 2006 na 2011, wakati wa mgao mkubwa, hata mtoto wa shule alijua habari za kina cha bwawa la umeme la Mtera, kwamba maji yakishuka hadi mita 690 kutoka usawa wa bahari mitambo inazimwa. Tuliumia, ila tulielewa tunaumia kwa nini, na ratiba ya mgao ilitoka. Leo bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mashine tisa za megawati 235 kila moja, jumla megawati 2,115. Aprili 2024 vituo vitano vya umeme wa maji vilizimwa kwa sababu umeme ulikuwa mwingi kuliko matumizi. Nilisikia ile habari nikiwa nimewasha taa ya chemli! Hapo ndipo nilipoelewa kwamba shida yetu haiko Rufiji unakozalishwa wala Chalinze unakopokelewa. Iko kwenye mita mia mbili za mwisho: nguzo iliyooza, transfoma ndogo, nati isiyokazwa.

Twende kwenye hiyo transfoma, maana hapa ndipo penye kiini. Yetu ilikuwa ya kVA 100, ndiyo kipimo cha ukubwa wake. Mzee alinipigia hesabu kwenye daftari la mwanangu. Transfoma hiyo inatoa kama ampia 144 (ampia ni kipimo cha mkondo wa umeme) kwa kila fezi, yaani kila mmoja wa nyaya tatu zinazogawa umeme mtaani, jumla ampia 432. Ilipowekwa, nyumba zilikuwa chache, mashamba ya mikorosho yamejaa katikati. Jumamosi nilizunguka na mwanangu tukahesabu mita moja moja: 143. Gawanya. Kila nyumba ina ampia 3, yaani wati kama 700. Pasi peke yake ni wati 1,000. Birika la umeme ni wati 2,000, karibu ampia 9. Nyumba 16 za fezi moja zikichemsha chai kwa wakati mmoja, fezi imejaa, hakuna nafasi hata ya taa. Na Mei 2024 ulizinduliwa mkakati wa nishati safi ya kupikia, kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa. Naunga mkono, kifua changu kinajua moshi wa mkaa. Lakini jiko la umeme utalichomeka wapi kama transfoma ni ileile ya enzi za mikorosho?

Dalili tulizitoa mapema. Tangu Februari, ikifika saa 1 usiku taa zinafifia, feni inazunguka kama imechoka, friji inaguna bila kuwaka. Huo ni umeme mdogo, mzigo umezidi. Mimi binafsi nilipeleka taarifa mara mbili dirishani TANESCO. Hakuna aliyekuja kupima fezi. Transfoma ilikuwa inapikwa kila jioni mbele ya macho yetu hadi ikaiva.

Na sisi majirani tusijitoe. Kuna mtu wa kuchomelea mageti amejiunga fezi moja na nyumba ishirini, akianza kazi taa zetu zinacheza. Kuna waliojiunga kwa jirani kwa waya uliopita juu ya bati. Kuna wanaopanda mwembe chini kabisa ya laini, halafu wanamfukuza fundi anayetaka kukata matawi. Na wale wanaonyonya mafuta ya transfoma kwenda kuyauza, hao ni wauaji, sina neno jingine. Yale mafuta ndiyo yanayoipoza.

Sisi wa pwani tuna ugonjwa wetu pia, na sijawahi kusikia ofisi yoyote ikiueleza. Mmegundua umeme unakata kwa rasharasha kuliko kwa mvua kubwa? Upepo wa bahari unapaka chumvi kwenye vikombe vya laini, vile vinavyoshikilia waya juu ya nguzo, miezi yote ya kiangazi. Mvua ndogo ikinyesha, chumvi inalowa bila kusafishika, umeme unapita juu ya kikombe, laini inajikata. Mvua kubwa inaviosha. Dawa yake ni kuviosha au kuvibadilisha kabla ya mvua kuanza. Watu wanaambiwa "mvua imeharibu miundombinu" na inaishia hapo.

Sasa Jumapili. Saa 4 asubuhi umeme ukarudi, watoto wakashangilia. Sekunde kumi hivi. Taa ya sebuleni ikawaka nyeupe kupita kiasi, feni ikavuma, kisha "pah" na moshi nyuma ya friza. Nyumba saba zimeunguliwa vitu, wengine runinga, wengine redio. Mzee akaja akasema ni nyutro, waya wa kurudishia umeme. Waya wa nyutro ukiachia au usipokazwa vizuri pale juu, nyumba za fezi tofauti zinajikuta zimeungana, na badala ya volti 230 unaweza kupokea hadi karibu 400. Kitu cha 230 hakiwezi kupona hapo. Mafundi walirudi wakakaza, wakaondoka. Hakuna aliyebisha hodi kwa mtu, hakuna aliyeuliza nani kaunguliwa nini. Hata "poleni" hatukusikia.

Kosa langu lilikuwa moja na nalisema ili lisimpate mwingine: sikuchomoa. Umeme ukikata, chomoa kila kitu, au shusha breka kuu, uache taa moja tu ya kukujulisha. Ukirudi, itazame hiyo taa dakika tano. Ikiwaka kwa mng'ao usio wa kawaida au ikififia, usichomeke kitu. Wenye friji nunueni ile gadi yake, inakata umeme ukizidi au ukipungua na inasubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu. Ni bei ndogo sana ukilinganisha na friza. Mimi nilikuwa naahirisha kila mwezi.

Mama yangu mzazi ana sukari, ninaishi naye, kwa hiyo kwangu umeme siyo samaki tu. Chupa za insulini ambazo hazijafunguliwa zinataka nyuzi 2 hadi 8. Iliyofunguliwa, kwa aina nyingi, inavumilia kama wiki nne nje ya friji, ilimradi joto lisipite nyuzi 25 au 30 kulingana na aina. Soma karatasi yake au muulize mfamasia. Na huku Januari na Februari ndani ya bati joto linapita hapo. Tulitumia mtungi: chungu kidogo ndani ya kikubwa, mchanga katikati, unaumwagia maji asubuhi na jioni, unafunika kwa kitambaa kibichi, unauweka kivulini penye upepo. Dawa ndani ya mfuko mkavu. Msiiweke juu ya barafu moja kwa moja, ikiganda imeharibika na haifai tena hata ikiyeyuka.

Ninachukizwa sana na hawa wanaotuambia "wananchi wajiandae" kana kwamba kujiandaa ni bure. Simtanki na pampu vinahitaji umeme, kwa hiyo ndoo zijae kila jioni. Chupa za maji zijazwe na kugandishwa kuziba nafasi tupu za friza. Luku inunuliwe kabla haijafika mwisho. Powabenki ichajiwe. Sawa, tunafanya. Ila jenereta, jamani, nawasihi. Jumamosi usiku nimekuta jirani kaiwasha koridoni na mlango umefungwa kwa kuogopa wezi, watoto wanne wamelala chumba cha pili. Moshi ule una kaboni monoksidi, haina harufu, unalala usiamke. Jiko la mkaa ni vilevile. Jenereta ikae nje, mbali na madirisha. Na asiwepo mtu wa kuichomeka kwenye soketi ya ukutani ili iwashe nyumba nzima: umeme ule unarudi hadi kwenye nguzo na unamuua fundi aliyepanda akijua laini imekufa. Tuna hasira na ofisi, siyo na yule kijana aliye juu ya nguzo.

Ninachodai ni hiki. Tuambiwe sababu kwa jina lake, na muda wa kweli hata kama ni siku tatu. Fezi zipimwe kabla transfoma haijaungua, siyo baada. Volti zipimwe kabla ya kuwasha laini iliyotengenezwa. Na walioharibiwa vitu walipwe.

Nimeandika barua, nimeambatisha namba zote nne za taarifa, saa nilizopiga, majibu niliyopewa, picha ya friza na majina ya nyumba saba na sahihi zao. Nakala naipeleka EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, nisipojibiwa. Walio Kigamboni na kwingine mlioungulishiwa vitu, wekeni hapa tarehe, saa, mlichoambiwa na mlichopoteza, na mita ngapi ziko kwenye transfoma yenu. Hesabuni kweli, msikadirie. Kesho saa 3 asubuhi nipo dirishani.