Geji ya upepo imenimalizia tairi mbili, na boksi lake limeandikwa "usahihi wa hali ya juu"

Wakuu, salamu zitangulie, ingawa leo sina uso wa salamu.

Nina tairi mbili hapa zimeegemea ukuta. Pembeni kashata zimesimama vizuri tu, unaweza kusema ni za jana. Katikati zimelika hadi zinataka kuwa kipara. Ukipitisha kiganja kutoka ukingo mmoja kwenda wa pili unakisikia kinashuka bondeni halafu kinapanda tena. Anayezijua tairi atanikaripia hapo hapo: ulikuwa unajaza upepo kupita kiasi.

Sasa sikilizeni kinachoniuma. Mimi ndiye yule mtu anayechekwa na majirani kwa sababu kila Jumapili asubuhi, kabla gari halijasogea hata hatua moja, napiga magoti na geji mkononi. Tairi nne na spea. Kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva kinasema 33 psi (psi ni kipimo cha presha ya upepo), na mimi nikaweka 33. Miezi kumi na moja bila kukosa. Kumbe nilikuwa nazichinja mwenyewe.

Nimegundua kwa bahati tu. Fundi mmoja mtu mzima ana geji yake anayoitunza kwenye boksi lenye sponji, huipeleka kulinganishwa na geji ya marejeo, yaani ile iliyothibitishwa kuwa sahihi, na hamuazimi mtu. Akachomeka kwenye tairi yangu: 40. Nikamwambia mzee, umekosea. Akanyoosha mkono nimpe ya kwangu, akachomeka tairi ileile: 33. Hakubishana na mimi. Aliichomoa, akainyanyua mbele ya macho yangu ikiwa haijashika kitu, akaniuliza, "Kijana, mshale umelala wapi?" Nikasema kwenye sifuri. "Umelala kwenye sifuri, au umezuiwa kwenye sifuri?"

Nikatazama kwa karibu. Pale kwenye sifuri kuna kijipini kidogo cha chuma, na mshale umekiegemea kwa nguvu, umepinda kidogo. Kile kijipini kisingekuwepo, mshale ungeshuka chini ya sifuri. Geji yangu ilikuwa inasoma pungufu kwa psi 7 kutoka mwanzo wa safari, na mtengenezaji kaweka kipini cha kuficha aibu! Geji ambayo mshale wake hauna kizuizi ingekuumbua mapema: ungeuona umekaa pasipo pake ukiwa bado dukani, ukairudisha ilipotoka.

Najua mtu ataniuliza kama niliwahi kuidondosha. Niliidondosha mara moja. Haya, mara mbili. Ndani ya geji ya mshale kuna kibomba chembamba kilichopindwa mfano wa ndoano. Upepo ukiingia kinataka kunyooka, kikinyooka kinavuta vigia, vigia vinazungusha mshale. Ubunifu huo Mfaransa Eugène Bourdon aliusajili mwaka 1849. Ukiibamiza sakafuni, kibomba au vigia vinahama na hutaona alama yoyote kwa nje. Lakini kifaa kinachouzwa kwa mtu anayepiga magoti kwenye zege hakikutegemewa kuanguka? Hata kile kifuniko cha mpira cha kukilinda hakikuwekwa!

Tuache kuanguka, tuje kwenye lile boksi. "Usahihi: asilimia 2." Mimi kwa akili yangu ya kawaida nikapiga hesabu: asilimia 2 ya 33 haifiki hata psi 1, safi sana. Hapo ndipo nilipopigwa. Ile asilimia haihesabiwi kwenye upepo unaopima, inahesabiwa kwenye namba ya mwisho ya kioo. Geji yangu inafika 160. Asilimia 2 ya 160 ni psi 3.2, juu au chini, popote mshale ulipo. Kwa tairi ya 33 hiyo ni karibu asilimia 10, na hapo tunazungumzia geji nzima inayotimiza ahadi yake. Yangu hata hiyo ahadi mbovu iliivunja. Hakuna neno moja kwenye boksi la kumweleza mnunuzi. Nami nilichagua ya 160 kwa kujidai, nikijua inayopima zaidi ndiyo bora zaidi! Geji ya mwisho 60 yenye asilimia hiyo hiyo mbili ingekosea kwa psi 1.2 tu, na 33 ingekaa karibu na katikati ya kioo, mahali ambapo geji nyingi za mshale husoma vizuri kuliko kwenye ncha zake. Kiwango cha Marekani cha ASME B40.100 kinalisema hilo waziwazi: geji ya daraja B inaruhusiwa kukosea asilimia 3 kwenye robo ya kwanza na ya mwisho, na asilimia 2 kwenye nusu ya katikati. Ile ya 160 ni ya mwenye lori.

Kwa hasira nikaenda kununua ya dijitali. Hii ndiyo kichekesho. Inaonyesha namba mbili baada ya nukta, 33.15, utafikiri inapima dhahabu. Nikaichomeka tena: 31.60. Tena: 34.05. Tairi moja, dakika moja. Shida haikuwa kwenye sensa, ilikuwa mdomoni. Pete ya mpira ya ndani ni ngumu kama plastiki, haikai sawa juu ya valvu, kwa hiyo kila ukichomeka unasikia "tsss" na upepo unatoka. Ukipima mara tano umeshapunguza tairi. Na ile ya 34.05 mpaka leo sijapata maelezo yake. Mimi naona bora geji inayokosea psi 2 kila siku, ileile, upande uleule, kwa sababu hiyo nikishaijua nitaiongezea mbili kichwani na maisha yanaendelea. Inayobadilisha kauli kila ukiiuliza utaifanyia hesabu gani?

Ya tatu ilikuwa ile ya umbo la kalamu, kijiti kinachoruka nje. Haina betri, haina makuu, na kwa kweli ilikaribiana na ya mzee kuliko zote. Ila mistari yake ni ya kila psi 2, imebanana, na kwenye mwanga hafifu unasoma kwa imani.

Kabla hamjaanza kunijibu, naomba nifunge milango michache. Wale wa "piga teke tu utajua": tairi za siku hizi zina ubavu mgumu, inaweza kupungua upepo mwingi na bado ikasimama vizuri machoni. Wale wa "si kuna taa kwenye dashibodi": kwa sheria ya Marekani taa hiyo inatakiwa kuwaka upepo ukipungua kwa asilimia 25 chini ya kiwango cha kibandiko. Kwenye 33 maana yake ni kama 25 ndipo inakushtua. Tena sheria hiyo ni ya kupungua. Mimi nilizidisha, taa ikanyamaza miezi yote kumi na moja. Na wewe unayesoma ile namba ya ubavuni mwa tairi ukajaza hiyo, acha leo leo, ile ni kikomo cha tairi, haiijui gari yako.

Na sikupima tairi za moto. Nimesema asubuhi, kabla ya kusogea. Gari likiwa limetembea subiri angalau muda wa saa tatu, maana tairi ikipata joto upepo hupanda psi kadhaa, na ukiupunguza wakati huo kesho asubuhi utakuta umeshuka kuliko unavyotakiwa. Hata hali ya hewa ina mkono wake: kila nyuzi 5 au 6 za Selsiasi ni takriban psi 1. Kwa hiyo tofauti ya psi 1 hainisumbui. Ya 7 ndiyo imenilaza macho.

Wauzaji, andikeni kwenye boksi: inakosea psi ngapi, na kuanzia wapi hadi wapi. Si "asilimia" inayoning'inia hewani. Ulaya kiwango cha EN 12645 kinataja namba yenyewe, kosa lisizidi bar 0.08 kwa presha ya hadi bar 4, ambayo ni kama psi 1.2. Mtu anaelewa. Na mwache kuniuzia glisirini ndani ya kioo kama ndiyo usahihi wenyewe. Yale majimaji yanatuliza mtetemo wa mshale tu.

Sasa nataka kununua ya nne, na sitaki tangazo wala picha ya boksi. Nataka ya kioo cha 60, yenye mpira mrefu ili nisome nikiwa nimesimama, mdomo unaogeuka, na kitufe cha kupunguzia upepo bila kuichomoa. Kama unayo na umewahi kuilinganisha na geji ya marejeo, niandikie namba zote mbili, yako na ile ya marejeo, kwenye tairi moja. Na uniwekee picha ya mshale geji ikiwa haijachomekwa popote, nione umelala wapi.